Reki ya Usukani ya Mtumba: Niliyojifunza kati ya Jinja na Kisekka

Gari letu la nyumbani ni Toyota RAV4 ya milango mitano, lililotengenezwa Japani mwaka 2000 na kuingia Uganda likiwa limekwisha kutumika. Nimeliendesha kwa miaka saba kati ya Jinja, ninakofundisha, na Tororo, anakoishi mama yangu. Kila mwezi humfuata mama huko nikamleta Jinja kwa daktari wake, kisha nikamrudisha. Njia hiyo ya Iganga na Bugiri ndiyo njia ya malori na matangi ya mafuta yanayoingia nchini kupitia Malaba na Busia, kwa hiyo anayeipita hana nafasi ya kubahatisha na usukani wake. Ninaandika haya kwa sababu mwaka jana nilibadilisha reki ya usukani ya gari hili, yaani chuma chenye meno kinachogeuza magurudumu ya mbele usukani unapozungushwa, nikakosea mahali ambapo ningeweza kabisa kutokosea, na hivi karibuni nimewaona wenzangu wawili pale shuleni wakikaribia kufanya kosa lile lile.

Dalili zilianza mwezi wa Aprili, katikati ya mvua. Asubuhi moja nilikuta doa jekundu kwenye saruji chini ya gari, ukubwa wa kisahani cha chai. Nilidhani ni oili ya gia, kwa kuwa rangi ni moja, na dhana hiyo haikuwa mbali sana na ukweli, maana Toyota nyingi za umri huo hutumia kwenye pawa stelingi (mfumo unaompunguzia dereva uzito wa usukani) oili ya ATF, jamii ile ile inayotiwa kwenye gia za otomatiki. Nilifungua boneti, nikaona oili ya stelingi imeshuka chini ya alama ya mwisho, nikaongeza. Wiki iliyofuata nikaongeza tena. Kwa muda wa miezi miwili nikawa nanunua oili kidogo kidogo, huku usukani ukizidi kuwa mzito kila asubuhi na pampu ikitoa mlio mwembamba kila nilipokata kona ya kuingia getini. Kuongeza oili bila kutafuta inakovujia ndilo kosa langu la kwanza, kwa sababu pampu inayovuta oili yenye hewa huchakaa, na ningeweza kuharibu vitu viwili badala ya kimoja.

Baadaye gari lilianza kuvuta upande wa kushoto na kugonga chini ya miguu yangu kila lilipopita shimo. Nilikwenda kupima alaimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu, nikalipa shilingi 50,000, na baada ya siku nne gari likawa linavuta vile vile. Leo najua kwamba alaimenti hupimwa baada ya kuhakikisha kuwa hakuna kitu kinachocheza kwenye usukani na magurudumu. Ukiipima juu ya reki iliyolegea, vipimo unavyopewa asubuhi si vile utakavyokuwa navyo jioni.

Hatimaye nilimpelekea fundi wangu wa siku zote hapa Jinja, jambo ambalo nilipaswa kulifanya tangu siku ya kwanza ya doa. Alipandisha gari kwa jeki, akaweka stendi, akaingia chini na tochi, akaubinya ule mpira wa kukunjana unaofunika ncha ya reki upande wa kulia. Mpira ulikuwa umepasuka kwenye mikunjo miwili. Oili nyekundu iliyochanganyika na tope ilimtiririka kiganjani, ikapita kifundo cha mkono hadi kwenye kiwiko, naye akaunyoosha mkono nje ya gari ili nione. "Madamu, hii si tairodi," akaniambia. "Reki yenyewe imekufa."

Reki ni chuma kirefu chenye meno, kilicholazwa ndani ya bomba la chuma nyuma ya injini, kutoka upande wa gurudumu moja hadi jingine. Usukani ukizungushwa, fimbo yake huzungusha gia ndogo iitwayo pinioni, nayo husukuma chuma hicho kushoto au kulia; kwenye ncha zake mbili ndipo hufungwa reki endi na tairodi zinazogeuza magurudumu. Kwenye gari kama langu ipo pia pampu inayosukuma oili kwa nguvu ndani ya bomba hilo ili kumpunguzia dereva uzito, na kinachoizuia oili isitoke ni sili za mpira. Mpira wa nje ukipasuka, maji na mchanga huingia, chuma hushika kutu, na kutu hiyo huzikata sili kila chuma kinapopita. Nilimwuliza fundi kama tungeweza kubadilisha sili peke yake, kwa kuwa seti ya sili ni ya bei ndogo sana ikilinganishwa na reki nzima. Alikata kibano, akausogeza mpira, akakifuta chuma kwa kitambaa, kisha akaniambia nipitishe ukucha wangu juu yake. Nilihisi vishimo vidogo vidogo vilivyosambaa kama upele. Sili mpya isingedumu juu ya chuma cha namna hiyo. Kama kingekuwa laini kama kioo ningechagua kubadilisha sili, na namshauri mwenye tatizo hili afanye jaribio hilo la ukucha kabla ya kutafuta reki nyingine.

Reki mpya ya kampuni yenyewe ilikuwa nje ya uwezo wangu. Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda imekataza kuingiza magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi, lakini yale yaliyokwisha kuingia bado yanatembea, na ndiyo haya yetu, yanayoishi kwa spea za mtumba zinazoshushwa kwa makontena. Sioni aibu yoyote katika kununua mtumba. Reki iliyotoka kwenye gari lililotembea kwenye lami ya Japani inaweza kuwa nzima kuliko nakala mpya isiyojulikana ilikotengenezwa. Tatizo langu lilikuwa namna nilivyoinunua.

Nilipewa na jirani namba ya simu ya muuzaji mmoja wa Kampala. Nilimpigia nikiwa nimesimama kwenye korido ya shule, kati ya kipindi na kipindi, na nakumbuka mazungumzo yenyewe kwa sababu nimeyarudia kichwani mara nyingi.

"RAV4 ya mwaka gani, madamu?"

"Ya 2000."

"Injini lita ngapi?"

"Mbili."

"Usukani wa kulia?"

"Ndiyo, kulia."

"Basi ipo. Imetoka Japani, safi kabisa. Tuma pesa leo, kesho asubuhi inapanda taksi."

Kila nilichomjibu kilikuwa kweli, na maswali yake yalinipa imani kwamba anajua kazi yake. Nilimtumia shilingi 450,000 kwa simu na 15,000 za kusafirishia kwa taksi hiyo, yaani basi dogo la abiria. Sikuomba picha wala namba yoyote, na sikuuliza itakuwaje isipoingia.

Mzigo ulifika ukiwa umefungwa kwa nailoni nyeusi na gundi ya karatasi kutoka mwanzo hadi mwisho. Fundi aliuweka pembeni, akaanza kuifungua reki ya zamani, kazi iliyomchukua sehemu kubwa ya siku kwa sababu imejificha nyuma ya injini na boti zake zilikuwa zimeshikana kwa kutu. Saa kumi alasiri ndipo tulipozilaza reki mbili kwenye gunia, moja kando ya nyingine, na kabla hajasema neno niliona usoni mwake kwamba mambo yameharibika. Masikio ya kufungia hayakulingana: tulipoweka sikio la kushoto sawa na sikio la kushoto, lile la kulia lilipishana kwa upana wa vidole viwili. Pinioni ya ile niliyonunua ilisimama kwa mwinamo mwingine, na mahali pa kufungia mipaipu ya oili palitazama mbele badala ya juu. Haikuhitaji kujaribiwa kwenye gari.

Nilikuja kuelewa baadaye kilichotokea, na ndiyo maana naliandika jambo hili kwa urefu. Toyota ilianza kuuza RAV4 mwaka 1994, na mwaka 2000 ikaleta kizazi cha pili kilichobadilishwa kuanzia chini. Vyote viwili vilikuwa na injini ya lita 2, na vyote vilivyouzwa Japani vilikuwa na usukani wa kulia. Mwaka 2000 ndio mwaka wa makutano ya vizazi hivyo. Maneno "RAV4, 2000, lita mbili, kulia" yanayaeleza magari mawili tofauti, wala hakuna hata neno moja kati ya hayo linaloyatenganisha. Muuzaji alikuwa na reki ya kizazi cha kwanza, nami nilikuwa na gari la kizazi cha pili.

Nilipompigia aliniambia kwamba RAV4 ni RAV4, na kwamba fundi wangu ndiye asiyejua kufunga. Tulibishana kwa siku mbili. Mwishowe alikubali kuipokea reki yake na kunirejeshea shilingi 300,000 tu, akisema zile 150,000 ni za usumbufu na za kukosa wateja wengine. Nilikasirika mpaka nikashindwa kula usiku ule, lakini nilipotafuta cha kumshitakia sikukipata: hapakuwa na risiti, hapakuwa na makubaliano, hapakuwa na hata ujumbe mmoja wa maandishi uliotaja gari langu ni lipi hasa. Mama naye alikosa miadi yake ya mwezi ule. Hasara hiyo siijumlishi kwenye shilingi, ila ndiyo iliyoniuma kuliko zote.

Fundi ndiye aliyenionyesha kitu ambacho kilikuwa ndani ya boneti yangu miaka yote hiyo. Kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na chumba cha abiria kuna bamba dogo lililopigwa herufi na tarakimu. Tulilisugua kwa kitambaa chenye petroli kidogo, nikasoma ACA21, kisha kistari, kisha tarakimu saba. Magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani hayana ile namba ndefu ya herufi na tarakimu 17 ambayo tovuti nyingi za spea huiomba; yana namba hii fupi ya chesisi, na sehemu yake ya mbele, kabla ya kistari, ndiyo jina halisi la gari. Kwa RAV4, namba inayoanza na SXA ni ya kizazi cha kwanza. ACA20 na ACA21 ni kizazi cha pili chenye injini ya lita 2, ZCA25 na ZCA26 ni kizazi hicho hicho chenye injini ya lita 1.8 isiyovuta magurudumu yote manne. ACA31 na ACA36 ni kizazi cha tatu kilichoanza mwishoni mwa mwaka 2005. Kama ningemwambia muuzaji yule "ACA21" badala ya "RAV4 ya 2000", yaelekea mazungumzo yetu yangechukua mkondo mwingine, na kama angenidanganya baada ya hapo, ningekuwa na ushahidi.

Kizazi cha tatu nimekitaja kwa makusudi, kwa sababu hapo ndipo hasara kubwa zaidi huweza kutokea. Gari hilo halina pampu ya oili ya stelingi. Linasaidiwa na mota ya umeme iliyofungwa kwenye fimbo ya usukani, ndani, chini ya dashibodi, na reki yake haina mipaipu ya oili kabisa. Mtu asiyejua anaweza kuiona reki hiyo kavu, nyepesi na safi, akafikiri amepata bahati. Kwa hiyo swali la kwanza kabisa, kabla ya mwaka na kabla ya bei, ni hili: gari langu ni la oili au la umeme? Fungua boneti utafute kikopo cha oili ya stelingi. Ukikikosa, mweleze fundi athibitishe, kwa sababu kuna magari ambayo mota yake imefungwa kwenye reki yenyewe, na hiyo ina nyaya na soketi ambazo nazo lazima zilingane moja kwa moja.

Kuhusu mwaka wa gari, usitegemee kadi ya gari peke yake. Kadi nyingi huandikwa na watu waliosoma karatasi za watu wengine. Mimi nilivuta mkanda wa kiti cha dereva mpaka mwisho, nikakuta chini kabisa kibandiko chenye mwaka mkanda ulipotengenezwa, nikapata 2000, na hilo likalingana na kadi. Pia kuna namba ya spea yenyewe. Namba za Toyota huwa na tarakimu tano, kistari, na tano nyingine. Reki za oili za Toyota nyingi huanza na 44250 au 44200, na zile zisizo na oili huanza na 45510, kwa hiyo hata tarakimu tano za kwanza zinakuambia mengi. Namba hiyo si lazima iwe imepigwa juu ya reki ya mtumba, lakini duka lenye katalogi linaweza kukutafutia kwa namba yako ya chesisi, na ukishaipata iandike mahali utakapoiona tena.

Mara ya pili sikupiga simu. Fundi aliimwaga oili yote ya reki ya zamani, akaziba matundu yake kwa vipande vya plastiki, tukaitia kwenye gunia, nami nikapanda nayo taksi alfajiri kwenda Kampala kupitia Lugazi na Mukono, nikiwa nimemlipa kondakta nafasi ya mzigo. Watu walinitazama nikikata mitaa ya Nakivubo na gunia begani, lakini nilipofika soko la spea la Kisekka na kuuliza, mwenye duka mmoja, mzee wa makamo, alilipokea gunia lile kwa mikono miwili, akaitoa reki yangu na kuiweka juu ya meza, akasema, "Karibu, nnyabo. Wewe umekuja na jibu." Sikuhitaji kueleza chochote. Aliitazama kwa dakika moja, akaniuliza namba ya chesisi, akaingia ndani akatoka na reki mbili.

Ya kwanza ilikuwa imepakwa rangi ya fedha, inang'aa. Ya pili ilikuwa chafu, ina vumbi lililogandana na grisi, na juu ya bomba lake mtu alikuwa ameandika kwa kalamu nyeupe ya rangi herufi ACA21. Mzee alinieleza kwamba wanaobomoa magari kule Japani mara nyingi huandika hivyo, na kwamba anayepaka rangi spea ya mtumba anafuta maandishi hayo pamoja na alama za kuvuja. Tulizipima zote mbili na yangu. Tulianza na masikio ya kufungia, kutoka tundu hadi tundu, kwa futi kamba. Kisha urefu wa bomba, kisha upande na mwinamo wa pinioni, kisha meno madogo ya fimbo ya pinioni ambayo niliyahesabu kwa ncha ya kalamu mara mbili. Kisha akachukua nati za mipaipu yangu ya zamani, ambazo fundi alikuwa amenifungia kwenye mfuko mdogo, akazizungusha kwa vidole kwenye matundu ya ile reki chafu. Ziliingia bila kulazimishwa mpaka mwisho. Mwisho tukalinganisha nyuzi za reki endi, kwa kuwa zikitofautiana, tairodi zako hazitafungika hata kama mengine yote yamelingana. Zote mbili zilikuwa za gari langu.

Kulingana hakutoshi, kwa maana reki inaweza kuwa ya gari lako na bado ikawa mbovu kuliko uliyoitoa. Mzee aliisukuma ile mipira ya ncha, akaniambia nitie kidole. Ile iliyopakwa rangi ilitoka na oili mbichi kwenye ncha ya kidole changu, na hapo hapo nikaiweka kando. Ile chafu ilikuwa kavu ndani, chuma chake kinang'aa, ukucha ukateleza juu yake. Kisha tukakamata pinioni kwa kipande cha joinya ya zamani (kiungo cha fimbo ya usukani na pinioni) tukaizungusha polepole kutoka kikomo cha kushoto hadi cha kulia. Nilifundishwa kuhesabu mizunguko na kulinganisha na ile ya zamani, na zilikuwa sawa, zaidi kidogo ya mitatu. Jambo lililonishangaza ni umuhimu wa katikati. Gari hutembea miaka yake mingi usukani ukiwa umenyooka, kwa hiyo meno ya katikati ndiyo yanayoliwa kwanza. Ukizungusha na kuhisi kwamba katikati pamelegea na pembeni pamekaza, reki hiyo imechoka, na mtu akiikaza ili katikati pasicheze, itashika pembeni. Ukihisi mahali pamoja panakwama, chuma huenda kimepinda kwenye ajali. Funga macho unapozungusha; mkono unahisi zaidi.

Tulipatana shilingi 600,000, pamoja na mipaipu mifupi iliyokuja nayo. Zilikuwa ni 150,000 zaidi ya ile ya kwanza, na sikuona uchungu wa kuzilipa. Kabla ya kutoa pesa nilimwomba aandike kwenye risiti namba ACA21, neno "reki ya oili, usukani wa kulia", tarehe, na kwamba nikiirudisha ndani ya siku saba kwa kuvuja au kutoingia ananipa nyingine au pesa zote. Hakusita. Alichora hata alama ya rangi juu ya boti mbili ili nisije nikarudisha nyingine, jambo ambalo ni haki yake.

Sasa niseme kosa ambalo halikuwa la muuzaji wala la reki. Gari lilikuwa limekaa siku tisa kwenye gereji bila reki, na fimbo ya usukani ilikuwa imeachwa huru. Kijana mmoja anayejifunza kazi aliingia kuketi kwenye kiti cha dereva na kuuzungusha usukani, pengine kwa kucheza tu. Chini ya usukani wa magari yenye airbegi kuna utepe wa nyaya uliokunjwa mzunguko juu ya mzunguko, unaopeleka umeme wa airbegi na honi, na una mizunguko michache tu kila upande. Reki ikiwepo, usukani hauwezi kupita kikomo hicho. Reki isipokuwepo, utepe hukatika. Siku ya kufunga, kila kitu kilikaa mahali pake, nikawasha gari, taa ya airbegi ikabaki inawaka na honi haikulia. Utepe mwingine wa mtumba ulinigharimu shilingi 130,000. Kinga yake haigharimu kitu: nyoosha magurudumu, toa ufunguo ili usukani ujifunge, ufunge pia kwa mkanda wa kiti uliopitishwa katikati yake, na weka alama ya rangi kwenye joinya kabla ya kuitenganisha ili irudi pale pale. Mwombe fundi afanye hivyo mbele yako, hata akiona unamfundisha kazi. Mimi na fundi wangu tuliongea kwa utulivu juu ya jambo hilo, na kwa sababu hiyo kazi ya kufunga mara ya pili alinitoza 80,000 badala ya 120,000.

Oili ya zamani isirudishwe. Ya kwangu ilikuwa imegeuka rangi ya kahawa, yenye vumbi la chuma, na kuipitisha kwenye reki nyingine kungekuwa kuiharibu kabla haijaanza kazi. Tulisafisha kikopo na mipaipu, tukatia ATF mpya, magurudumu ya mbele yakiwa hewani na injini imezimwa, fundi akazungusha usukani polepole kutoka kikomo hadi kikomo mara nyingi huku mimi nikiongeza oili kila iliposhuka. Baadaye ndipo tukawasha injini. Oili ikitoka povu jeupe, zima gari, subiri povu litulie, uanze tena. Na usishikilie usukani kwenye kikomo kwa zaidi ya sekunde chache, maana pampu hupata joto na shinikizo kubwa hapo. Tairodi zilifungwa kwa kuhesabu nyuzi zile zile zilizokuwepo, ili gari liweze kufika kwenye alaimenti bila kula tairi, na tulikwenda siku hiyo hiyo.

Gharama zangu zote, tangu simu ile ya kwanza, zilikuwa hivi: reki ya kwanza na usafiri 465,000, ambazo 300,000 zilirudi, reki ya pili 600,000, ufundi mara mbili 200,000, utepe wa airbegi 130,000, oili 75,000, alaimenti 50,000. Jumla yake ni shilingi 1,220,000. Kama ningeanza na bamba la boneti na gunia la taksi, ningetumia 845,000. Zile 375,000 za tofauti ni karo, na bado sijahesabu nauli, ile alaimenti ya kwanza, wala oili niliyokuwa nikiimwaga ardhini kwa miezi miwili.

Kwa wiki mbili za kwanza nilitandika boksi la karatasi chini ya gari kila usiku. Siku ya tano palionekana tone moja, fundi akakuta nati ya mpaipu mmoja inahitaji kukazwa robo mzunguko, na baada ya hapo boksi likawa kavu. Baada ya wiki hizo alikagua tena boti za reki na pini za tairodi, akabadilisha mpira mmoja wa ncha uliokuwa na ufa mdogo, kwa kuwa ufa kama huo ndio ulioiua reki ya zamani. Namba ya chesisi, namba ya spea na picha ya zile reki mbili zikiwa kando kwa kando nimeziweka kwenye simu, na zile za magari ya wenzangu wawili nimekwenda mwenyewe kuzisoma chini ya boneti. La mmoja, ambaye alikuwa tayari kutuma pesa kwa reki ya "RAV4 ya zamani", limeandikwa ZCA26.